Jinsi ya Kuifanya Saa Janja Iseme Kweli Unapocheza Tenisi au Badmintoni

Maswali yanayonifikia kutoka Malindi yanafanana. Mtu anacheza tenisi au badmintoni mara mbili tatu kwa wiki, saa janja iko mkononi, na miezi inapita bila yeye kujua kama mwili umefaidika. Huyu saa inamwambia mapigo ya moyo yalifika 190 wakati alikuwa ameketi kwenye benchi anakunywa maji. Yule imemhesabia kalori 900 kwa seti mbili za wawili kwa wawili, na mizani haijasogea. Mwingine keshaivua na kuitupa kwenye droo.

Karibu wote wamekwama mahali pamoja. Wanaivaa saa wanavyoivaa kwenda sokoni, wameacha mipangilio iliyotoka nayo dukani, kisha wanaamini namba zisizofaa kuaminiwa na kuzipita zile zinazofaa. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayecheza kwa ajili ya afya, na umezingatia joto, unyevu na upepo wa kwetu pwani, maana vitu hivyo hubadilisha namba kuliko watu wanavyodhani.

## Vitu vya kuwa navyo

Saa janja au bangili ya mazoezi. Si lazima iwe ya bei ghali. Inayotakiwa ina taa za kijani upande unaogusa ngozi, inakuruhusu kuchagua aina ya mchezo, na inakuonyesha grafu ya mapigo ya moyo baada ya mchezo. Ukikutana na saa inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, iache hapo hapo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari peke yake kwa njia hiyo. Mwenye kisukari akipanga dawa zake kwa namba za saa kama hiyo anajiweka hatarini.

Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Kama huna, duka la dawa au zahanati ya karibu itakupimia.

Utepe wa fundi cherehani, mizani, daftari na kalamu. Daftari lina kazi kubwa kuliko programu ya simu, utaona mbele.

Viatu vya uwanjani. Viatu vya kukimbilia vina soli nene na laini, vimetengenezwa kwa kwenda mbele. Michezo ya raketi ni ya kuruka pembeni na kusimama ghafla, na soli ya namna hiyo humgeuza mtu kifundo cha mguu.

Mkanda wa kifuani unaounganishwa na saa kwa blututhi. Huu si wa lazima. Wanaouhitaji nitawataja.

## Nani aanzie kwa daktari

Kama umewahi kupata maumivu ya kifua ukipanda ngazi, umezimia, una ugonjwa wa moyo unaojulikana, au unajidunga insulini, usianze na uwanja. Anza na daktari. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usicheze siku hiyo, nenda upimwe. Umri peke yake haumzuii mtu. Wazee wengi wanacheza tenisi ya meza vizuri kuliko vijana.

## Hatua ya 1: Pima ulipo leo

Wiki nzima kabla ya kugusa raketi, au kabla ya kuendelea kama tayari unacheza, andika mambo manne.

La kwanza ni mapigo ya moyo ya mapumziko. Lala na saa mkononi. Asubuhi itakuwa imeyahesabu. Kama yako haifanyi hivyo, yasome kabla hujanyanyuka kitandani. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na mwenye mazoezi ya muda mrefu hushuka chini ya hapo.

La pili ni presha. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi tupu si juu ya kanzu. Pima mara mbili, uachie dakika moja katikati. Kahawa chungu ya mwisho iwe si chini ya nusu saa kabla ya kipimo, na sigara vilevile. Miraa na mogoka hupandisha mapigo na presha pamoja, na aliyekesha akitafuna atapata namba ya mkesha, si ya moyo wake. Kama huachi, angalau pima siku ambazo hukutafuna.

La tatu ni kiuno, pimia katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. La nne ni uzito. Haya mawili mara moja yanatosha.

Umefaulu ukiwa na asubuhi 7 za mapigo ambazo hazipishani sana. Asubuhi moja ikiruka juu peke yake, ulilala vibaya au homa inakunyemelea. Iwekee alama, usiifute.

## Hatua ya 2: Badilisha mipangilio ya dukani

Ingiza tarehe ya kuzaliwa, uzito, urefu, na mkono unaovalia saa. Wengi wanaruka hapa, na saa inaendelea kuwahesabia kama kijana wa kiwandani asiyekuwepo.

Kisha kipimo cha juu cha mapigo. Saa nyingi hutumia 220 kutoa umri. Iliyo bora kidogo ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri, fomula iliyochapishwa mwaka 2001. Kwa mtu wa miaka 30 inatoa 187 badala ya 190. Kwa wa miaka 60 inatoa 166 badala ya 160. Zote mbili zinaweza kukosea kwa mapigo 10 hivi juu au chini, kwa hiyo usizichukulie kama mpaka wa hatari.

Sasa tafuta kanda zako mbili, yaani viwango vya mapigo ambapo mazoezi ya wastani na makali huanzia. Chukua mfano wa mama wa miaka 45 ambaye mapigo yake ya mapumziko ni 72. Kipimo chake cha juu ni 177 kwa kukadiria. Akitoa 72 anabaki na 105, hiyo ndiyo akiba ya moyo wake. Asilimia 40 ya akiba ni 42. Akiijumlisha na 72 anapata 114, na hapo ndipo mazoezi ya wastani yanapoanzia. Asilimia 60 ni 63. Akijumlisha anapata 135, na kutoka hapo kwenda juu ni mazoezi makali. Andika namba zako mbili kwenye jalada la daftari. Ukiweza, ziingize kwenye saa.

Mengine ya kurekebisha kwa haraka: zima ile hali ya kusitisha kurekodi mtu akisimama, maana kwenye raketi kusimama ni sehemu ya mchezo. Weka irekodi kila sekunde kama ina chaguo hilo. Kwa badmintoni ya ndani zima GPS, inakula chaji bure.

Tahadhari kwa wanaotumia dawa za presha au moyo. Atenololi, bisoprololi, propranololi na jamaa zake huzuia moyo usipande. Utatoka jasho na kuhema na saa itaendelea kusema uko kwenye mapumziko. Kanda zote hapo juu hazikuhusu. Tumia mdomo wako: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, ni wastani, ukitoa maneno machache tu kabla ya kuhitaji pumzi, ni makali. Na usiache dawa ili saa isome vizuri. Nimeshaulizwa hilo.

## Hatua ya 3: Vaa saa mkono usioshika raketi

Hapa ndipo namba nyingi zinapoharibika.

Saa haisikii moyo. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kutazama kiasi kinachorudi, kwa kuwa damu hufyonza mwanga huo na kila pigo huleta damu zaidi chini ya ngozi. Unapobana mpini wa raketi, misuli ya mkono wa mbele husukuma damu huku na huku. Unapokunja kifundo kupiga, saa hunyanyuka na mwanga wa jua huingia chini yake. Mpira unapogonga raketi, mtikisiko hupanda mpaka kwenye saa. Kihisi kinachanganyikiwa na kukisia.

Kwa hiyo mwenye kushika raketi kwa mkono wa kulia avae kushoto, hata kama miaka yote amevaa kulia. Iweke upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, kuelekea kwenye kiwiko. Kaza mpaka ukiisukuma saa, ngozi iende nayo, lakini vidole visife ganzi. Ukimaliza kucheza, ilegeze. Anayepiga bakhendi kwa mikono miwili apandishe saa zaidi, maana mkono wa pili nao unapata mtikisiko.

Mambo ya hapa kwetu:

Mafuta ya nazi yafutwe mahali pa saa kabla ya kuivaa. Yanateleza, na saa inayoteleza haisomi.

Hina nyekundu haina shida kubwa. Piko ni jambo jingine, rangi nyeusi iliyokolea huzuia mwanga. Bibi harusi, au mama aliyepakwa kwa ajili ya harusi ya jamaa, aisogeze saa pasipo na mchoro. Kama mchoro umepanda mpaka kiwikoni, siku hizo avae mkanda wa kifuani au ahesabu kwa vidole.

Ngozi nyeusi je? Swali hili linarudi kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la npj Digital Medicine ulilinganisha watu wa rangi mbalimbali za ngozi na haukukuta tofauti ya maana ya usahihi kati yao. Ulichokuta ni kwamba makosa huongezeka mtu anapokuwa kwenye harakati. Kaza saa vizuri kabla ya kulaumu ngozi.

Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, haujali raketi wala piko. Lowesha sehemu zake za ndani kwa maji kabla ya kuvaa, la sivyo dakika za kwanza, kabla jasho halijatoka, zitakuwa takataka. Wanaofaidika nao zaidi ni wacheza skwoshi na tenisi ya mmoja kwa mmoja, na yeyote ambaye saa yake itafeli hatua inayofuata.

Chumvi ya jasho na ya hewa ya baharini hula vile vishina vya chaji. Suuza saa kwa maji tamu kila baada ya mchezo, si kwa maji ya kisima chenye chumvi, na uikaushe kabla ya kuichaji.

## Hatua ya 4: Ithibitishe kwa vidole viwili

Weka kidole cha shahada na cha kati pembeni ya koo, taratibu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya hivyo ukiwa umekaa, kisha baada ya kutembea haraka dakika 3, kisha mara tu baada ya gemu kali. Kila mara linganisha na saa.

Ukiwa umekaa, tofauti ya mapigo 5 inavumilika. Baada ya mchezo, mpaka 10. Ikizidi hapo mara kwa mara, rudi hatua ya 3 kabla ya kwenda mbele.

Kosa moja lina sura yake. Saa inaacha mapigo ya moyo na kushika mdundo wa miguu yako. Utaona imeruka kwenda 165 au 170 dakika ya kwanza tu, ikakaa hapo hapo bila kuyumba, nawe huhemi. Vua, futa jasho, vaa juu kidogo.

Grafu nzuri ya michezo ya raketi ina vilima na mabonde: inapanda kwenye mpira mrefu, inashuka wakati wa kuokota mipira, inapanda tena. Mstari ulionyooka kwa nusu saa haukutoka kwenye moyo wa mtu anayecheza tenisi.

## Hatua ya 5: Chagua saa ya kucheza, na uandike upepo

Joto na unyevu vikizidi, moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe. Kazi ileile ya miguu inahitaji mapigo zaidi. Mchezo wa saa nane mchana Februari, kaskazi imetulia na hewa nzito, utakupa dakika nyingi za "mazoezi makali" ambazo sehemu yake ni joto tu. Mchezo huohuo Julai, kusi ikivuma, utaonekana mwepesi. Hukupata nafuu wala hukudhoofika. Hali ya hewa imebadilika.

Cheza kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya Alasiri jua likilegea. Kwa badmintoni ya uani asubuhi ni bora zaidi, kwa kuwa wakati wa kusi upepo wa mchana hubeba kinyoya mpaka kwa jirani. Wanaocheza uwanja wa hoteli kwenye Barabara ya Casuarina, mivinje inasaidia kukata upepo kidogo, lakini usitegemee.

Kama umetoka Nairobi au umekuwa nje ya jua muda mrefu, mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Usilinganishe namba za siku hizo na za baadaye.

Maji: jipime uzito kabla na baada ya mchezo, ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, ongeza na uliyokunywa katikati. Ukifanya hivi mara moja moja utajua kiwango chako na hutahitaji kubahatisha. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho hutoa zaidi sodiamu. Baada ya mchezo mrefu lisindikizwe na chakula cha kawaida chenye chumvi. Mwenye presha asiongeze chumvi kwa kisingizio cha jasho.

## Hatua ya 6: Cheza, kisha hesabu dakika, usihesabu wastani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za makali, au mchanganyiko. Dakika moja kali huhesabiwa kama mbili za wastani. Pamoja na hayo, siku 2 za mazoezi ya nguvu za misuli.

Tatizo la michezo ya raketi ni kwamba pointi nyingi za tenisi huisha kabla ya sekunde 10, halafu kunafuata kuokota mpira, kubadilishana pande, na kwa wawili kwa wawili kunafuata maneno. Mtu anaandika "nimecheza saa moja na nusu." Saa ikifunguliwa, dakika zilizovuka kanda yake ya wastani ni 40. Nyingine zilikuwa barza.

Kwa hiyo usitazame wastani wa mapigo, unapimwa pamoja na vikao. Fungua grafu, tafuta dakika zilizokuwa kati ya namba zako mbili na zilizokuwa juu ya ya pili. Hizo ndizo za kuandika.

Yule mama wa mfano acheze badmintoni Jumanne na Ijumaa. Jumanne anapata dakika 30 za wastani na 12 za makali, yaani 30 na 24, jumla 54. Ijumaa anapata 35 na 10, jumla 55. Wiki imempa 109 kati ya 150. Siku mbili za kutembea kwa haraka dakika 21 hadi 25 kila moja zinamalizia pengo. Hana haja ya kucheza siku ya tatu huku goti linauma.

Chaguo la mchezo nalo lina uzito wake. Katika makadirio yanayotumiwa na watafiti, kazi ya kukaa kimya ni 1. Tenisi ya meza ni kama 4, badmintoni ya kirafiki 5.5, tenisi ya wawili kwa wawili karibu 6, na ya mmoja kwa mmoja karibu 8. Kuanzia 6 kwenda juu huhesabiwa kuwa makali. Anayerudi baada ya miaka ya kukaa aanzie kwenye meza.

Kuhusu ile namba inayozunguka kwenye simu, kwamba tenisi huongeza karibu miaka 10 ya maisha: ipo, na imetoka kwenye utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2018. Watu 8,577 walifuatiliwa hadi miaka 25. Waliocheza tenisi waliishi wastani wa miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi, badmintoni 6.2, soka 4.7, kuogelea 3.4, kukimbia polepole 3.2. Utafiti mwingine wa watu 80,306 wa Uingereza na Uskoti ulikuta wacheza raketi walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 47, na kwa magonjwa ya moyo na mishipa asilimia 56. Lakini hizo ni tafiti za kutazama, hazikuwapangia watu mchezo. Mwenye kucheza tenisi Ulaya mara nyingi ana kipato, ana muda, na ana wenzake wa kucheza nao. Mimi nazichukua kama sababu nzuri ya kwenda uwanjani, si kama ahadi.

Na kuna faida saa isizoziona kabisa. Mifupa ya mkono unaopiga huwa minene zaidi kwa wacheza tenisi wa muda mrefu. Usawa wa mwili, wepesi wa jicho, na kule kutafutwa na wenzako ukikosa kuja, hakuna grafu yake.

Tahadhari ya kisigino. Wanaume wa miaka 30 na 40 wanaorudi kwenye badmintoni ndio hukatikiwa na kano ya kisigino, mara nyingi wakirudi nyuma na kuruka mbele ghafla. Pasha mwili joto dakika 10, na ule mgao wa mazoezi ya nguvu utumie sehemu yake kusimama kwenye ukingo wa ngazi, ukinyanyua visigino na kuvishusha polepole.

## Hatua ya 7: Pima dakika moja ya kushuka

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na karibu hakuna anayekitumia.

Gemu ya mwisho ikiisha, tazama mapigo na uyaandike. Tembea taratibu sekunde 60 bila kukaa, tazama tena. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Moyo ulio imara hushuka haraka. Kushuka kwa mapigo 12 au pungufu ndani ya dakika ya kwanza ya kupoa kulihusishwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika New England Journal of Medicine. Kushuka kwa 20 na zaidi ni dalili njema.

Fanya kwa namna ileile kila mara, na baada ya gemu yenye nguvu sawa, kwa kuwa saa ya mkononi huchelewa kwa sekunde kadhaa. Siku moja mbaya si kitu. Ikiwa 12 au pungufu kila wiki, peleka namba hizo kwa daktari.

## Hatua ya 8: Andika mstari mmoja, soma baada ya wiki 8

Mstari wa daftari unatosha uwe hivi:

*Jumanne, saa 12:30 asubuhi, badmintoni wawili kwa wawili, kusi kidogo. Mapumziko 71. Wastani dk 30, makali dk 12. Kushuka 158 hadi 137 = 21. Goti kimya.*

Programu ya simu haitakuandikia upepo wala goti, na bila hivyo hutajua kwa nini wiki fulani iliharibika.

Baada ya wiki 8 hadi 12 za kutimiza dakika, watu wengi walioanza kutoka kwenye kukaa huona mapigo ya mapumziko yameshuka kwa 3 hadi 6. Mwenye presha anaweza kuona namba ya juu imeshuka kwa 5 hadi 8. Kiuno mara nyingi husogea kabla ya mizani. Kama kimoja tu kati ya hivi kimesogea, mchezo unafanya kazi.

Usilinganishe Machi na Julai. Ramadhani nayo iweke kando: kucheza baada ya tarawehe na kuamka kwa daku hukata usingizi, na mapigo ya asubuhi hubadilika bila moyo kuwa na neno.

Mapigo ya mapumziko yakipanda kwa 7 au 10 juu ya kawaida yako siku mbili mfululizo, usicheze. Huenda umechoka, huenda ni malaria au dengi inaanza. Pima joto, na ukiwa na homa nenda ukapimwe damu.

## Namba za kuziacha

Kalori. Watafiti wa Stanford mwaka 2017 walijaribu vifaa 7 kwa watu 60. Sita kati ya saba vilipima mapigo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Kwa kalori, kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27 na kibovu kwa 93. Ukila mahamri mawili zaidi kwa sababu saa imesema umechoma 900, umekula kwa kukisia.

Hatua za miguu hazielezi mchezo wa kuruka pembeni. Oksijeni ya damu ikipimwa ukiwa unatembea haina maana. Presha inayosomwa na saa bila kufunga mkono isitumiwe kubadilisha dawa.

## Wakati wa kuweka raketi chini

Maumivu au kubanwa kifuani, mkono wa kushoto au taya, kizunguzungu, jasho baridi, kuhema kusikotulia baada ya kupumzika: simama, kaa, mwambie mwenzako, muelekee hospitali. Usitazame saa. Hakuna saa janja inayotambua mshtuko wa moyo, na mapigo yanaweza kusomeka sawa wakati mtu yuko hatarini. Ukichanganyikiwa au ukiacha kutoka jasho kwenye joto kali, mwili umezidiwa. Kivulini, kumwagiwa maji mwilini, feni, na msaada haraka.

Saa ikikutumia onyo la mapigo yasiyo na mpangilio, usilipuuze wala usilichukulie kama jibu la mwisho. Hifadhi ile rekodi kwenye simu, uende nayo kliniki upimwe kwa mashine yao.

Na ukienda kliniki ya presha, beba daftari, si saa. Daktari ana dakika chache. Mpe ukurasa wenye presha za asubuhi, dakika za wiki na majina ya dawa unazotumia. Presha ikiwa imeshuka, yeye ndiye atakayeamua kama kidonge kipunguzwe.